Kikwembe kisipime heshima ya mtu

Kwenye soko la Virunga mjini Goma, sawa na Kadutu mjini Bukavu, mama anayetafuta kikwembe hatazami maua peke yake. Anageuza pindo la kitambaa na kusoma maandishi. Akikuta jina Vlisco, bei inapanda, na heshima ya mvaaji inapanda nayo. Asipolikuta, anaambiwa ni cha Wachina, hata kama rangi zinafanana.

Jina hilo lina historia. Vlisco ilianzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi. Ufundi wa kutia rangi kwa nta iliuiga kutoka batiki za kisiwa cha Java. Kumbe kitambaa kinachoitwa leo cha kweli, nacho kilianza kwa kuiga. Wamama wa Afrika ndio waliokipa thamani: walikivaa kwenye ndoa, wakayapa maua yake majina, wakawarithisha mabinti.

Ubaya unaanza pale mtu naye anapopimwa kwa pindo la nguo. Kwenye sherehe, aliyevaa Hollandais anaitwa mbele, na mwenye kikwembe kilichopauka anaonyeshwa benchi ya nyuma. Familia zilizokimbia vita zinalijua hilo vizuri. Mama aliyetoka Masisi ao Rutshuru mikono mitupu anasemeshwa kama mtoto, wakati kwao alikuwa na shamba la maharagwe, na ng'ombe, ao alikuwa mwalimu. Alipokimbia aliacha sanduku la nguo. Akili na ufundi wake alikuja navyo. Na Goma imekula miaka mingi mavuno ya watu kama yeye.

Hasara inaingia pia nyumbani. Ndugu wakichagua kikwembe cha sare kwa ndoa ao matanga, asiye na pesa anakopa ili asichekwe. Deni hilo linalipwa kwa pesa ya unga na ya masomo ya watoto.

Aliyenunua kikwembe kizuri kwa jasho lake akivae kwa furaha, hana kosa. Lakini wanaopanga sherehe wanaweza kuchagua kitambaa ambacho hata mkimbizi anaweza kununua, ao kutangaza mapema kwamba kila mtu avae alichonacho. Na wanaopokea wageni mlangoni wawape wazee viti vya mbele kwa sababu ya umri wao, bila kutazama kwanza nguo walizovaa.