Deiwaka aliyeizima Kanada

Wiki hii nawapeleka mbali, kwenye barafu. Najua wapo watakaoguna: "Barafu tunaijua ya kwenye glasi ya juisi, hii ya kuchezea mechi ni ipi tena?" Tulieni. Hii ni stori ya benchi, na benchi hakuna asiyelijua.

Kwanza mchezo wenyewe. Hoki ya barafuni wanacheza watu sita kila upande, wote wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini kama kisu. Badala ya mpira kuna kisahani cheusi kigumu. Kikipigwa gongo la maana kinapita kilometa 150 kwa saa. Na kuna binadamu kazi yake ni kusimama mbele ya hicho kidude. Ndiye kipa.

Sasa kaeni mkao wa kula. Dominik Hašek alizaliwa mwaka 1965 Pardubice, Chekoslovakia ya wakati ule. Mwaka 1983 timu ya Chicago Blackhawks ilimchagua, lakini akiwa wa 199. Yaani vijana 198 waliitwa mbele yake! Isitoshe, kwao ulikuwa utawala wa Kikomunisti, na kutoka kwenda kuvuna dola halikuwa jambo la kuamka na kufunga begi. Akabaki nyumbani akidaka. Utawala ule ulipoanguka 1989, mwaka uliofuata akatua Marekani. Umri: miaka 25.

Akakuta benchi. Golini alikuwepo Ed Belfour, naye alikuwa moto. Misimu miwili Hašek kaambulia mechi 25 tu za ligi kuu. Hapa mjini tungemwita deiwaka: gari si lake, anashika usukani dereva mwenyewe akipumzika. Halafu udakaji wake ulikuwa kichekesho. Makipa wa vitabuni wanasimama, wanapiga goti kwa utaratibu. Huyu anajirusha, anabiringika, analala chali miguu juu, mara kalitupa gongo anaziba kwa mkono. Ukimwona mara ya kwanza unasema jamaa kaanguka. Kumbe ndiyo kazi yenyewe!

Mwaka 1992 Chicago wakampeleka Buffalo Sabres. Unafikiri kaula? Mapema 1993 Buffalo wakamleta Grant Fuhr, kipa mwenye vikombe kibao. Mwaka huohuo timu mbili mpya ziliruhusiwa kuokota wachezaji ambao timu zao hazikuwalinda. Buffalo walimlinda Fuhr, Hašek wakamwacha wazi. Na wale wapya nao wakampita kama hawamwoni! Wewe ungebaki?

Novemba 1993 Fuhr akaumia goti. Deiwaka akapewa funguo, na hakuzirudisha. Msimu ule alifungwa wastani wa mabao 1.95 kwa mechi. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu kipa wa ligi ile ashuke chini ya mawili. Aprili 27, 1994, mechi dhidi ya New Jersey ilikwenda hadi nyongeza ya nne, akaokoa mashuti 70, Buffalo wakashinda 1-0. Baada ya hapo ni mvua ya tuzo. Kipa bora wa ligi mara sita. Mwaka 1997 na 1998 akawa mchezaji bora wa ligi nzima, na hakuna kipa mwingine aliyewahi kulipata hilo mara mbili.

Lakini mambo yote Nagano, Japani, Olimpiki ya Februari 1998. Nusu fainali, Jamhuri ya Czech na Kanada, nchi ambayo hoki kwao ni kama ndondo kwetu. Moja kwa moja hadi nyongeza ikaisha. Zikapigwa penalti. Wakanada watano wakaja mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyefunga. Wayne Gretzky, mfalme wa mchezo huo, aliachwa benchi anatazama tu. Fainali wakawalaza Urusi 1-0. Dhahabu!

Mwaka 2002 akatwaa Kombe la Stanley na Detroit Red Wings. Sasa sikilizeni hii. Mwaka 2008, ana miaka 43, yuko tena Detroit, mechi nne za kwanza za mtoano zinaenda ndivyo sivyo. Kocha akampa nafasi Chris Osgood, na Osgood akadaka hadi kombe. Mbabe karudi palepale alipoanzia, benchi. Na bado hakutundika viatu kabisa: mwaka 2010 alikuwa golini Pardubice ikichukua ubingwa wa nchi, mtu mzima wa miaka 45.

Mnanipata? Wengi wenu mko deiwaka sasa hivi, dukani kwa mjomba, kwenye bendi, kwenye ofisi ambayo meza yako ni nusu. Mtaambiwa subira yavuta heri. Sawa, lakini ile ya kulala haivuti kitu. Goti la Fuhr lilikuwa bahati. Kuwa tayari siku ile haikuwa bahati. Na nyie mlioshika usukani msijisahau, maana nyuma yenu kuna deiwaka anawatazama mikono.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.