Karatasi zisilale chini

Wamama wapendwa wa Kasongo na Kabambare, juma hili tuzungumze juu ya karatasi za biro.

Rame moja ya A4 ina karatasi 500, karibu kilo 2 na nusu. Feza ya kuinunua ilitoka katika mchango wa kila mama, na rame yenyewe ilisafiri juu ya pikipiki kwa barabara tunazozijua. Ni huzuni ikiharibika wakati imekwisha kufika.

Adui wa kwanza ni unyevu. Karatasi inakunywa maji ya hewani hata kama mvua haikuigusa. Inajikunja pembeni, inashikamana, mashini inavuta mbili mbili na kukwama. Watu wanamwita fundi na kumlipa, kumbe ubaya uko ndani ya karatasi.

Basi tufanye hivi:

1. Ganda la rame limetengenezwa ili kuzuia unyevu. Msilipasue kabla ya siku ya kazi.
2. Rame zilale juu ya mbao au meza, si chini kwenye udongo, wala zisiegemee ukuta. Acheni nafasi ya kiganja kimoja ili hewa ipite.
3. Zilazwe, zisisimamishwe. Zikisimama, zinapinda.
4. Kazi ikiisha, toeni karatasi zilizobaki ndani ya mashini, mzirudishe katika ganda lake, kisha katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.
5. Zikae mbali na dirisha, jua, na kidumu cha mafuta ya grupu.

Adui wa pili ni mchwa. Wekeni miguu ya etajeri ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, na kila juma mtu asogeze vitu na kutazama nyuma yake. Mchwa anapenda mahali pasipoguswa. Panya naye anafuata chakula: msiweke mihogo na karatasi pamoja.

Karatasi zilizokwisha kuandikwa zinataka ulinzi zaidi. Rame inanunuliwa tena. Kitabu cha likelemba hakinunuliwi. Kikiliwa, nani atathibitisha kwamba mama fulani alilipa? Hapo urafiki wa miaka unavunjika. Vilevile hati ya kuzaliwa ya mtoto: sheria yetu inatoa siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwake, na baada ya hapo njia inakuwa ndefu. Mama aliyeipata asiiache chini ya godoro. Aifunge katika plastiki, aiweke ndani ya sanduku, na afanye fotokopi ikae nyumba nyingine.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kichague mama mmoja awe mlinzi wa karatasi. Ufunguo ukae kwake, na mwingine ajue mahali ulipo.

Tuonane juma lijalo.