Kusikiliza Kwenye Kelele Nako ni Kazi



Mtu akibeba magunia, kila mmoja huona uchovu wake. Lakini aliyesimama zamu nzima kando ya jenereta, akijitahidi kushika maneno ya msimamizi, nani anauona uchovu wake? Jioni akifika nyumbani hataki mazungumzo. Mtoto akimwuliza neno, hujibu kwa ukali. Majirani husema ana kiburi. Hapana, amechoka kusikiliza.

Hapa Juba tumezizoea kelele mno. Kwa miaka mingi mji huu uliendeshwa kwa jenereta, na hata baada ya mtambo mpya wa umeme wa megawati 33 kuzinduliwa mwaka 2019, jenereta hazikutoweka nyuma ya viwanda na karakana. Ongeza vinu vya unga, misumeno ya mbao na mashine za kujaza maji kwenye chupa. Ongeza tena lugha zetu. Katika zamu moja utasikia Kiarabu cha Juba, Kiingereza, Kibari, Kidinka na Kiswahili cha sisi tuliotoka Kenya, Uganda na Kongo. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba kelele inapozidi, mtu anayesikiliza lugha aliyojifunza ukubwani hupotewa na maneno mapema kuliko aliyezaliwa nayo.

Katika kiwanda kimoja nilikofanya kazi, mwenzetu alipigiwa kelele azime mashine. Yeye alielewa kwamba aendelee. Kijana aliyekuwa akisafisha mkanda wa mashine aliponea chupuchupu. Kesho yake mwenzetu alikatwa mshahara wa siku tatu kwa kosa la uzembe. Hakuna aliyeuliza kelele ilikuwa kiasi gani.

Sasa sayansi imeanza kuuliza swali hilo. Tangu mwaka 1966, Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni ya jicho hupanuka kadiri akili inavyobebeshwa mzigo. Leo watafiti wanatumia njia hiyo kupima juhudi ya kusikiliza. Wanajaribu pia vifaa vidogo vya kuvaliwa: miwani inayotazama mboni, saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, kidude cha kupima jasho la ngozi, na waya ndogo ya sikioni inayosoma umeme wa ubongo. Nia yao ni kujua mtu anatumia nguvu kiasi gani ili aelewe maneno, hata kama mwishowe ameyaelewa.

Jambo hili lina manufaa kwetu. Sheria nyingi za kelele hulinda sikio lisife, basi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 hazimruhusu mfanyakazi kukaa kwenye desibeli zaidi ya 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Taasisi ya Marekani iitwayo NIOSH ilishauri mwaka 1998 kwamba kikomo kiwe desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda upunguzwe nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2. Hayo ni mema. Lakini hata chini ya viwango hivyo, mahali ambapo sikio halitaharibika, kuelewana kunaweza kuwa kazi nzito ya kutwa nzima. Kazi hiyo haiandikwi popote.

Hata hivyo, ndugu zangu, tufungue macho. Mimi sijavikuta vifaa hivi kiwandani Juba, lakini siku vikija, tuulize kwanza: nani atasoma vipimo? Kifaa kinachoonyesha kwamba fulani amechoka kinaweza kutumika kupunguza kelele. Kinaweza pia kutumika kumwondoa huyo fulani na kumleta kijana mwenye masikio mapya. Tena vifaa vyenyewe hudanganyika. Moyo huenda mbio kwa joto, kwa hofu na kwa kupanda ngazi. Ngozi hutoka jasho hata mtu akiwa kimya. Katika joto la Juba la mwezi Machi, nani atatenganisha jasho la kusikiliza na jasho la jua?

Msimamo wangu ni huu: mashine ipimwe kabla ya mwili wa mfanyakazi. Mkataba Na. 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unataka hivyo hivyo. Kelele iondolewe kwanza kwenye chanzo chake au kwa kupanga kazi upya, na vifaa vya kujikinga vije pale hayo yanaposhindikana. Uchunguzi wa afya usimgharimu mfanyakazi. Na asiyefaa tena kukaa penye kelele kwa sababu za kiafya atafutiwe kazi nyingine au kipato chake kilindwe. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1983. Nasi Sudan Kusini tunayo Sheria ya Kazi ya mwaka 2017, inayomtaka mwajiri alinde usalama na afya ya watu wake.

Basi kamati zetu zidai mambo haya. Jenereta ihamishwe mbali au ijengewe ukuta. Amri za hatari zitolewe kwa taa na kwa ishara za mkono zinazojulikana na wote, zisitegemee sauti peke yake. Pawepo mahali penye utulivu pa kupumzikia. Vifaa vya kuvaliwa vikija, avae anayekubali kwa hiari, matokeo yatolewe kwa idara nzima bila majina, na kamati iyaone sawa na mwajiri.

Wakati tunangoja, kipimo kimoja tunacho tayari, nacho hakina bei. Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, yaelekea kelele imepita desibeli 85. Fanyeni hivyo katika kila idara, andikeni mahali na saa, kisha ipelekeni karatasi hiyo kwenye kikao na mwajiri. Mwenzetu yule angekuwa na karatasi kama hiyo mkononi, wangeona taabu kumwita mzembe.