Shabaha kwa Wazee wa Makandana

Michezo wilayani kwetu hupimwa kwa miguu. Asiyeweza kukimbia huambiwa akae pembeni apige makofi. Pale Makandana, Tukuyu, penye vilima na mvua nyingi, mzee mwenye magoti mabovu hubakiwa na bao na kibaraza.

Hali wapo wazee waliofundishwa kulenga shabaha katika Jeshi la Kujenga Taifa na katika mgambo, na wengine walikwenda vita vya Kagera vya mwaka 1978-79. Ujuzi huo umeachwa ulale bure.

Mchezo wenyewe hauhitaji mbio. Katika Paralimpiki, ambako ulianza mwaka 1976 huko Toronto, mshindani hufyatua bunduki ya upepo kutoka mita 10 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Asiyemudu uzito wa bunduki huwekewa kiegemeo. Na kuhusu umri, Oscar Swahn wa Sweden alipata medali ya fedha ya kulenga shabaha katika Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920, akiwa na miaka 72!

Watakuwapo watakaoshtuka kusikia habari ya bunduki. Hofu yao ni ya haki, na kwa hiyo silaha zihifadhiwe na polisi, zisilale nyumbani kwa mtu. Lakini mwalimu mstaafu tuliyemkabidhi watoto wetu miaka 30, leo tunashindwaje kumwamini mbele ya shabaha ya karatasi?

Maofisa wa michezo na wa ustawi wa jamii wa Rungwe hawana budi kukaa pamoja. Bunduki mbili za upepo, meza, viti na kingo ya udongo vinatosha kuanzia.