Injini za michezo ya video: Likasi inajua hatari ya kutegemea kampuni moja

Tarehe 12 Septemba 2023, kampuni ya Unity ya Marekani ilitangaza malipo mapya: kuanzia Januari 2024, mtengenezaji wa mchezo wa video angelipa kila mchezo wake unapowekwa kwenye simu au kompyuta, ukishapita kiwango fulani cha mapato na cha idadi ya mara ulizowekwa. Hata michezo iliyokwisha kutoka ilihusika. Watengenezaji walikasirika, na wengine wakazima matangazo ya Unity ndani ya michezo yao. Mkubwa wa kampuni, John Riccitiello, aliondoka Oktoba. Septemba 2024, malipo hayo yakafutwa.

Je, hayo yanatuhusu sisi wakaaji wa Likasi? Ndiyo. Injini ni programu ambayo mchezo unajengwa juu yake. Kijana anayeanza kazi hii, awe hapa au Nairobi, anakuta majina mawili makubwa: Unity, na Unreal ya kampuni ya Epic. Tena mwaka 2022 Unity iliungana na ironSource, kampuni ya matangazo kutoka Israeli. Kwa hiyo anayekupa chombo cha kazi ndiye pia anayeshika mlango wa mapato yako.

Ni kweli, vijana wetu wengi hawangefikia kiwango kile. Lakini shida iko pengine: upande mmoja unaweza kubadilisha mapatano wakati nyumba imekwisha kujengwa.

Mji wetu unajua jambo hilo. Gécamines ilikuwa kazi, shule, hospitali na unga wa nyumbani. Ilipoanguka miaka ya 1990, familia nyingi hazikuwa na mlango wa pili. Mwaka 2003, wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka kwenye kampuni hiyo.

Katika michezo, mlango wa pili upo. Godot, injini iliyoanzishwa na Waargentina wawili, ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu 2014. Hakuna anayeweza kukudai malipo kwa toleo ulilokwisha kupata. Haina nguvu zote za Unreal, lakini kwa michezo ya simu, ambayo ndiyo vijana wetu wanacheza, inatosha.

Tunaomba walimu wa informatiki waifundishe pamoja na zile nyingine. Nanyi vijana, someni mkataba kabla ya kuanza, na mtunze michoro, muziki na hadithi zenu nje ya injini, ili siku ya kuhama msiondoke mikono mitupu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.