Mtoto anaogopa choo cha nje usiku? Shusha taa iangaze njia

Saa nane usiku mtoto wa miaka sita anaamka na kumgusa mama yake begani. "Mama, mkojo." Choo kipo uani, hatua kama ishirini kutoka mlango wa nyuma. Mama anapapasa simu awashe tochi, anakuta chaji imekwisha. Taa ya juu ya mlango inawaka kwa nguvu zake zote, lakini mwanga wake unaishia kwenye kona ya jiko. Kuanzia hapo ni mchanga, mizizi ya mnazi na giza. Mtoto anachungulia mlangoni, kisha anarudi nyuma. "Basi, mama. Umeisha."

Mkojo haujaisha. Ni woga uliomshinda.

Wazazi wengi wa Mafia, kuanzia Kilindoni hadi visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, wanaijua hali hii hata kama haijawahi kutokea kwao usiku wa jana. Choo cha nje ni jambo la kawaida, na usiku wa visiwani ni mrefu: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Kwa hiyo kijia kinachotoka mlangoni hadi chooni, bombani au getini si suala la mapambo tu. Ni suala la afya ya familia.

Anachokibana mtoto usiku

Mtoto anayebana mkojo mara kwa mara hujiweka katika hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwa mkojo unaokaa muda mrefu kwenye kibofu huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana. Anayebana haja kubwa hupata choo kigumu. Choo hicho kikimuumiza siku moja, siku inayofuata atabana zaidi. Wapo pia watoto wanaojifunza wenyewe kutokunywa maji jioni ili wasiamke, hata siku za joto kali.

Wengine huishia kukojoa kitandani, na asubuhi wakagombezwa. Kabla ya kumgombeza mtoto, mzazi ajiulize swali moja: je, mimi mwenyewe ningeenda chooni peke yangu usiku kwa njia ile? Jibu likiwa hapana, tatizo lipo njiani, halipo kwa mtoto. Na mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kwa miezi kadhaa kisha akaanza tena, au anayelalamika maumivu wakati wa kukojoa, apelekwe kituo cha afya akapimwe.

Bibi na babu nao wasisahaulike. Kwa mzee, kujikwaa kwenye jiwe la tumbawe au kifuu cha nazi kunaweza kumvunja nyonga, na nyonga iliyovunjika huchukua miezi kupona.

Kwa nini taa moja kali haitoshi

Familia nyingi hununua taa moja yenye mwanga mkali na kuifunga juu ya mlango au kwenye paa. Inaonekana ni ulinzi wa kutosha, lakini macho hayafanyi kazi hivyo. Jicho lililotoka kwenye mwanga mkali huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu. Anayepita chini ya taa kali na kuingia gizani huwa kama amefumba macho kwa hatua zile chache anazozihitaji zaidi. Tena mwanga unaotoka nyuma yake humtengenezea kivuli mbele, palepale anapotaka kukanyaga.

Dawa yake ni kuishusha taa. Taa za nguzo fupi, kama zile zinazopangwa kando ya vijia vya bustani za hoteli, husimama kwenye usawa wa goti na kumwaga mwanga chini. Hazihitaji kuwa kali. Taa nne au tano zenye mwanga hafifu, zilizopangwa kila baada ya mita mbili au tatu, huonyesha njia vizuri kuliko taa moja inayomulika hadi kwa jirani. Mtoto akisimama mlangoni anaiona taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mlango wa choo. Anajua anakokwenda.

Zinaweza kupangwa upande mmoja tu wa kijia, au zikapishana kushoto na kulia. Palipo na ngazi, kona, mzizi uliochomoza au kisima, taa iwekwe hapo kwanza. Kama pesa inatosha taa mbili tu, moja ikae mlangoni pa choo na nyingine mahali pabaya kuliko pote njiani.

Nyoka haogopi taa

Wazazi wengi wa pwani huwasha taa wakiamini inafukuza nyoka. Haimfukuzi. Kazi ya taa ni kumwonyesha anayetembea mahali pa kukanyaga. Kifutu, nyoka mwenye sumu anayepatikana sehemu nyingi za Tanzania, ana tabia ya kutulia bila kukimbia mtu anapokaribia. Wengi wanaoumwa naye ni waliomkanyaga bila kumwona.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Watoto huathirika vibaya zaidi kwa sababu mwili wao ni mdogo na sumu ni ileile.

Rangi ya taa nayo ina maana. Mwanga mweupe unaoelekea bluu huvuta wadudu wengi kuliko mwanga wa njano. Wadudu huvuta vyura na mijusi, na hao ni chakula cha nyoka. Kwa hiyo chagua taa ya njano, na uani safisha kwanza kabla ya kuweka taa. Marundo ya makumbi, makuti na kuni yasogezwe mbali na kijia, kwani ndiko panya na nyoka hujificha. Vifuu vya nazi vifunikwe au vichomwe. Kifuu kikijaa maji ya mvua huwa mazalia ya mbu, wakiwemo wanaoeneza homa ya dengi.

Ikitokea mtoto ameumwa na nyoka, mlaze na umtulize, mvue bangili, pete au viatu vinavyobana, na uufunge mguu au mkono ulioumwa kwenye ubao au fimbo usichezecheze. Usichanje, usinyonye sumu, usikaze kamba na usipoteze muda na jiwe la nyoka. Usimfukuze nyoka ili umkamate. Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja. Hospitali ya wilaya ipo Kilindoni, kwa hiyo aliyeko Juani, Chole au Jibondo anahitaji kuvuka maji kwanza. Familia za huko ziwe na namba za simu za wenye boti wawili au watatu kabla ya dharura, si baada.

Taa gani, na ifungwe vipi

Taa za sola ndizo rahisi kwa nyumba nyingi, kwa sababu hazihitaji waya na zinawaka hata umeme ukikatika. Lakini zina masharti yake.

Kwanza, zinahitaji jua la moja kwa moja. Taa iliyochomekwa chini ya mnazi au mwembe itawaka saa moja tu kisha itazima, na mtoto huamka saa nane. Kama kijia chote kipo kivulini, tafuta aina ambayo paneli yake imetenganishwa na taa kwa waya, paneli ipelekwe juani. Wakati wa masika mawingu hupunguza chaji, hivyo tochi ya akiba isikose karibu na mlango.

Pili, hewa ya bahari ina chumvi. Chuma cha kawaida kitapata kutu mapema, kwa hiyo plastiki ngumu hufaa zaidi. Paneli ifutwe vumbi na chumvi kwa kitambaa chenye maji angalau mara moja kwa wiki.

Tatu, betri huchoka. Taa ikianza kuzima mapema baada ya mwaka mmoja au miwili, mara nyingi ni betri inayotakiwa kubadilishwa. Nunua taa inayoweza kufunguliwa na kuwekwa betri nyingine.

Asiyeweza kununua nguzo za dukani anaweza kutengeneza za kwake: kipande cha mwanzi au cha bomba la plastiki chenye urefu wa goti, kichimbiwe ardhini vizuri, na taa ndogo ya sola ifungwe juu yake, ikifunikwa kwa kifuu cha nazi kilichokatwa ili mwanga uende chini tu na usimpige mtu machoni.

Wanaotaka taa za umeme wa TANESCO watumie fundi mwenye leseni. Waya wa nje upite ndani ya bomba lililofukiwa ardhini, na aombwe afunge mfumo wa volti 12 kwa taa za kijiani. Waya uliolala juu ya mchanga wenye unyevunyevu, mahali watoto wanapokimbia peku, ni hatari kubwa kuliko giza lenyewe.

Kibatari kisitumike kuangaza njia. Kinaunguza, na mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji yamewahi kunywewa na watoto wengi. Mtoto akinywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali.

Nguzo na watoto wadogo

Kilicho kwenye usawa wa goti la mtu mzima kipo kwenye usawa wa uso wa mtoto anayejifunza kutembea. Hivyo nguzo isiwe na ncha wala kioo, na ikae pembeni mwa kijia, mbali na mahali pa kuchezea. Baadhi ya taa ndogo za mapambo hutumia betri za duara kama za saa. Mtoto akimeza betri hiyo, inaweza kuunguza koo lake la chakula ndani ya saa mbili. Ukihisi amemeza, usisubiri uone dalili. Mwahishe hospitali.

Kwa wanaoishi karibu na ufuo

Mafia ina watoto wengine wanaosafiri usiku wakifuata mwanga. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, na fukwe za eneo hilo, hasa Juani, hutagiwa na kasa. Shirika la Sea Sense limekuwa likishirikiana na wanakijiji kulinda viota hivyo.

Watoto wa kasa hutoka mchangani usiku na kuelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwa asili upande huo ni baharini, ambako maji huakisi mwezi na nyota. Wakiona taa kali nchi kavu, hugeuka na kuifuata. Huliwa na kaa na ndege, au hukaushwa na jua la asubuhi kabla ya kugusa maji.

Habari njema ni kwamba taa inayomfaa mtoto wako ndiyo hiyohiyo isiyompoteza mtoto wa kasa: fupi, hafifu, ya njano au inayoelekea nyekundu, iliyofunikwa juu na upande wa bahari. Kipimo chake ni rahisi. Shuka ufuoni usiku, chuchumaa mpaka macho yawe karibu na mchanga, utazame nyumbani. Ukiiona taa yako, kasa naye anaiona. Izungushie kifuniko, isogeze au izime wakati hakuna anayepita.

Anza leo jioni

1. Saa moja usiku, tembea na mtoto kutoka mlangoni hadi chooni bila tochi. Mwache yeye ndiye aonyeshe mahali anapopaogopa. Weka alama ya jiwe kila anaposimama.

2. Kesho asubuhi ondoa makumbi, vifuu na mawe njiani, na ufukie mashimo.

3. Weka taa kwenye zile alama za mtoto kwanza.

4. Viatu vikae mlangoni, na vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

5. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, poti chumbani bado ni salama kuliko safari ya nje, hata taa zikiwepo.

6. Usimtishe mtoto kwa zimwi au popobawa ili alale. Taa hazitashinda hofu uliyoipanda mwenyewe.

Wiki ya kwanza msindikize hadi mlangoni mwa choo. Wiki ya pili simama nusu ya njia. Baadaye baki kizingitini umwangalie akihesabu taa kwenda na kurudi. Siku akikuamsha kukwambia tu kwamba ameshakwenda na amerudi, hata kama ni saa nane usiku, mpongeze.