Kompyuta Nzima Isitupwe

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuitunza Windows 10, na tangu siku hiyo maneno ni mengi ofisini, shuleni na katika vibanda vya kuchapia barua, toka Kolwezi hadi Kisenge. Windows ni mfumo wa uendeshaji, yaani programu kubwa inayoziamuru nyingine zote. Pasipo mfumo, kompyuta ni sanduku tu. Watu wamegawanyika makundi matatu juu ya Windows 11, na yote matatu yafaa yajibiwe.

Kundi la kwanza husema: “Kipya ndicho chema, mwenye kompyuta kuukuu anunue nyingine.” Hatukatai kwamba Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ina ulinzi bora. Yataka kompyuta iwe na kipande kiitwacho TPM 2.0, chenye kutunza funguo za siri. Lakini yataka pia prosesa ya karibuni. Zile za Intel, kwa kawaida, ziwe za kizazi cha nane, kilichoanza mwaka 2017, au za baadaye. Basi kompyuta ya mwaka 2015, iwakayo vizuri na kuchapa vizuri, yaambiwa kwamba haifai. Je, imeharibika? Hasha! Imekataliwa tu. Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kundi la pili hunung'unika kwamba kitufe cha Start kimehamishwa katikati. Hili ni dogo, maana hurudishwa kushoto kwa dakika moja. Lakini manung'uniko yote tusiyadharau. Windows 8 ya mwaka 2012 ilipokiondoa kitufe hicho, watu walipiga kelele, na mwaka 2013 kampuni yenyewe ilikirudisha. Basi tunung'unikie lililo kubwa: kwamba Windows 11 ya nyumbani, inapowekwa mara ya kwanza, yadai intaneti na akaunti ya kampuni. Huku kwetu intaneti hununuliwa kwa megabaiti, na megabaiti ni fedha ya chakula.

Kundi la tatu husema: “Yangu bado yafanya kazi, sitaki habari.” Hawa ndio walio hatarini. Mwezi Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 ulimwenguni na kuyafunga mafaili ya watu mpaka walipe. Hata hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Dawa ilikuwa imetolewa tangu mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuipata. Nyumba isiyo na mlango haimwambii mwizi asubiri.

Sisi watu wa Lualaba tuna haki ya kusema zaidi ya wengine. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kobalti hiyo huingia katika betri za kompyuta. Hapa Kisenge ilichimbwa manganizi, ikapelekwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoikata njia hiyo mwaka 1975. Twajua jasho la mchimbaji. Madini yetu yaenda mbali, yaturudia ndani ya kompyuta za mitumba, kisha twaambiwa tuzitupe. Nani atachimba tena, na kwa ujira gani?

Tena tazameni. Watu wa Eneo la Uchumi la Ulaya walipewa ulinzi wa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, bila kulipa, baada ya vyama vya watumiaji kudai. Wengine waliambiwa watoe dola 30, au waweke mipangilio yao katika hifadhi ya kampuni, au watumie pointi zake. Ikiwa haki hupatikana kwa kudai, mbona sisi twanyamaza?

Basi tufanye nini? Ambaye kompyuta yake yakubali Windows 11, aiweke bila woga. Ambaye yake imekataliwa, asiitupe, wala asikae bila ulinzi. Ipo Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, ambao aina zake nyingi hutolewa bure, na zilizo nyepesi hufaa kompyuta kuukuu. Huweza kujaribiwa kwa flashi pasipo kuigusa Windows. Programu nyingine za hesabu hazikubali Linux. Ndiyo maana twasema ijaribiwe kwanza, na mafaili yawekwe nakala. Wala tusiseme mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua kwa Kiswahili, isiyouzwa.

Wenye shule na ofisi, kabla hamjatoa fedha ya kompyuta mpya, iteni vijana wajuao kazi hii, waijaribu moja kati ya zile mlizo nazo. Kompyuta ife kwa kuharibika, isife kwa neno la muuzaji.